Saa ya Mashine Namba Nne

Jumamosi moja asubuhi binti wa kidato cha pili aliniita: "Kaka, namba nne inasema tuko mwaka 2009." Kila ukurasa aliojaribu kuufungua ulimgomea, na kivinjari kikawa kinamwonya kwamba aendako si salama. Wenzake walikuwa wameshahukumu: tumeingiliwa. Nikampa bisibisi, akafungua ubavu wa mashine, na chini ya vumbi lililoganda kama sufi tukaiona betri bapa ya duara, CR2032. Jina lake ndilo kipimo chake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Ndiyo inayotunza saa umeme usipokuwepo. Ikifa, mashine huamka imepoteza miaka. Na kwa kuwa vyeti ambavyo tovuti hujitambulisha navyo vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, mashine inayodhani iko mwaka 2009 hukiona cheti cha mwaka huu kuwa bado hakijaanza kutumika, ikakikataa. Hatukuwa tumeingiliwa na mtu. Mashine ilikuwa inalinda mlango kama ilivyofundishwa, ila haikujua leo ni lini.

Kituo chetu cha vijana kiko Tanga. Sote tunajitolea, na kompyuta zetu tisa tulipewa na ofisi iliyokuwa ikinunua mpya. Upepo wa bahari hauzionei huruma. Kuna siku unawasha, feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi. Unachomoa kijiti cha kumbukumbu, unasugua meno yake taratibu kwa kifutio cha mwanafunzi, weusi unatoka, unakirudisha mpaka usikie "tik" pande zote mbili. Mashine inaamka. Nimelifanya hilo mara nyingi sana na furaha yake haijapungua.

Lakini mashine kuamka hakutoshi. Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilianza kusambaa, kikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Tundu kilimopitia lilijulikana, na Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi 14. Karibu miezi miwili kiraka kilikuwepo, na mashine nyingi mno hazikuwekewa. Huwa nawasimulia vijana habari hii kila wanapolalamika kwamba apdeti zinakula bando.

Sasa, ufanyeje na mashine ambayo viraka vyake vimekwisha? Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai vifaa ambavyo kompyuta zetu hazina. Hapo ndipo ninapoiona fahari ya kazi hii. Fundi mzuri haitupi mashine kwa sababu ni kuukuu, wala haiamini kwa sababu bado inawaka. Anaitafutia mahali ambapo udhaifu wake hautamdhuru mtu. Saba tuliziwekea Linux Mint, toleo jepesi, na diski mpya za SSD kila tulipopata hela. Vijana wanaandikia insha zao humo. Moja ina Windows 7, kwa sababu printa yetu ya vyeti haielewani na kitu kingine chochote. Hiyo haina waya wa mtandao wala waifai. Kazi tunaipelekea kwa flashi moja nyekundu, ambayo kwanza inakaguliwa kwenye mashine nyingine.

Ya tisa ndiyo inayotunza majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa na simu za wazazi. Ipo kwenye mtandao wa peke yake ndani ya ruta, mbali na simu za wageni, na diski yake imefungwa kwa neno la siri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mama aliyetuandikia namba yake kwa mkono wake ametukabidhi amana.

Ugumu mkubwa hauko kwenye vyuma. Wanaojitolea huja na kuondoka: mmoja anapata kazi Dodoma, mwingine anaolewa. Pasiwedi tunaibadilisha siku ile ile anayoondoka, mwenyewe akiwepo, kama mtu anavyorudisha ufunguo wa nyumba aliyokaa vizuri. Kisha tunanywa soda. Tusipofanya hivyo mbele yake, itaonekana tunamshuku, na hilo linauma kuliko kirusi.

Binti yule alipachika betri mpya, maandishi juu, akaniomba nisimsaidie kurekebisha saa. Kurasa zikafunguka. Tuna daftari la karatasi ambamo kila mashine ina historia yake, tangu siku ilipofika. Akaifungua sehemu ya namba nne, akaandika: "Betri ya saa imebadilishwa." Akatazama kioo, akanakili tarehe.