Machozi ya Yusufu, Yasomwapo Mkunazini

Wako wapenda sala wanaosoma kisa cha Yusufu kama safari ya moyo. Shimo ni huzuni tuliyoifukia, Misri ni ugeni wa nafsi, na kilio cha Mwanzo 45 ni mlango: lia, utue mzigo, nawe utakuwa mtu mpya. Usomaji huu una faida. Umewapa ruhusa ya kulia watu waliolelewa kumeza kila uchungu. Hata hivyo, ukisomwa katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, unapwaya.

Jiwe la msingi la kanisa hilo liliwekwa Krismasi ya 1873, mwaka uleule soko la watumwa la Unguja lilipofungwa. Madhabahu, kwa masimulizi ya pale, imesimama palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Nje, sanamu za Clara Sörnäs, za mwaka 1998, zimo shimoni na minyororo shingoni. Mbele ya minyororo ile siwezi kusema shimo ni mfano tu. Yusufu aliuzwa kweli, kwa vipande 20 vya fedha.

Tuyahesabu basi machozi yake. Katika sura ya 42 anageuka kando, analia. Katika 43 anaingia chumbani, analia, ananawa uso, anatoka na kuamuru chakula kiletwe. Mara zote mbili mzigo umetuliwa, lakini bado anajificha, bado anawatega ndugu zake. Kilio cha tatu ndicho kinachomfunua, nacho kinakuja baada ya Yuda, aliyetoa shauri la kumwuza, kujitoa awe mtumwa badala ya Benyamini. Maana ya ndani iko hapo: toba ya mmoja hufungua machozi ya mwingine.

Wala habari haiishii hapo. Katika sura ya 47 yuleyule aliyeuzwa anawanunua Wamisri pamoja na mashamba yao kwa ajili ya Farao. Macho yalikwisha kulia; mkono ulikuwa haujajifunza.

Kwa hiyo tusiwaambie waumini walie tu. Tulie, tunawe uso, kisha kila mmoja ajiulize swali la Yuda: ni nani aliyeumia kwa shauri langu, nami niko tayari kukaa mahali pake? Msichana wa kazi asiyelipwa mshahara nyumbani mwetu hafutwi machozi na machozi yetu ya ibada.