Vuta Bega Kwanza

Juzi kwenye sendofu moja pale Maili Moja, Kibaha, bibi harusi mtarajiwa aliingia ukumbini na gauni la velveti ya kuvutika, rangi ya damu ya mzee, na vigelegele vikapasua paa. Simu zikanyanyuliwa. Mshereheshaji akamwita fundi asimame apigiwe makofi. Mimi nilikuwa meza ya pembeni na nilishaliona bega. Kabla keki haijakatwa, shingo ya lile gauni, iliyoingia ikiwa chini kidogo tu ya mtulinga, ilikuwa imeteremka vidole vitatu, na dada wa watu anaivuta juu kila anapoinama kusalimia wakwe. Kesho yake picha zinazunguka na swali ni moja: jamani, namba ya fundi?

Namba ya fundi! Yule wa kunyang'anywa mkasi.

Kosa si la mteja peke yake. Tangu mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont ya Marekani atengeneze uzi wa spandeksi mwaka 1958, kitambaa kimekuwa na huruma mno kwa fundi mbovu. Kitenge kinakuumbua papo hapo: ukikosea dati, kifua kinatoa pembe na kila mtu anaiona. Kitambaa cha kuvutika kinakusitiri mpaka saa nne usiku. Ndiyo maana kila aliyenunua cherehani mwaka jana leo ana bango la magauni ya mtoko.

Kununua kwenyewe kuna namna yake. Ukishuka Kariakoo, iwe umetokea Kisarawe kwa njia ya Pugu au Kibaha kwa Barabara ya Morogoro, usimsikilize muuzaji anayekuvutia kitambaa mbele ya uso. Kukuonyesha kinavyovutika ndiyo kazi yake. Wewe tazama kinavyorudi. Shika inchi nne, vuta hadi sita, achia. Kikirudi nne kamili, lipa. Kikirudi nne na robo, waachie wenye haraka. Na kikifika nyumbani kifunguliwe kwenye jora kilale mezani usiku kucha, kwa sababu kiwandani kilizungushwa kikiwa kimevutwa. Fundi anayekikata siku hiyohiyo anakata inchi ambazo asubuhi hazitakuwepo.

Gauni lenyewe hatulichorei pateni mpya. Tunachukua ile ya gauni lililonyooka la kitenge na kuirekebisha, na hapa ndipo wengi hudhani kazi ni kuingiza ubavu basi. Hipsi 40, pateni ya kitenge inakupa 42. Kwenye jezi nzuri mimi nashuka hadi 37. Lakini ubavu ni robo tu ya shughuli. Dati za kiuno zinaondoka. Ya kifua inaondoka kwa mwembamba. Kwa mwenye kifua chake naihamishia ubavuni iwe marinda madogo, ambayo mteja atadhani ni urembo. Kwapa linapandishwa nusu inchi, kichwa cha mkono kinashushwa, na mgongo unafupishwa usawa wa kiuno, la sivyo kitambaa kinajikunja juu ya makalio kama soksi iliyolegea. Zipu inatoka kabisa. Gauni la kuvutika lenye zipu mgongoni ni ushahidi kwamba fundi hakukiamini kitambaa chake. Najua Mtunisia Azzedine Alaïa alizizungusha zipu kwenye magauni yake ya kubana na Paris ikampigia magoti. Fundi wako si Alaïa.

Hayo yote mteja akitulia anaweza kuyaona. Asiloliona kamwe ni bega.

Gauni zima linaning'inia pale. Velveti, bitana, na kwa mpenda makuu shanga juu yake. Uzito wote huo unabebwa na mishono miwili ambayo kila mmoja haufiki hata shibiri. Tena mshono wa bega unapita mshazari, na unaelekea upande ule ule ambao kitambaa kinavutika zaidi. Usipouzuia utarefuka. Ukirefuka, kichwa cha mkono kinateleza, shingo inafunguka, kwapa linalegea, na pindo la mbele linaanza kuifuata sakafu. Mvaaji anadhani amekonda. Mama yake anadhani sidiria ndiyo mbaya. Fundi yuko kwenye meza ya chakula anapokea pongezi.

Kwa hiyo ndani ya bega lazima kuwe na utepe, na utepe huo usivutike hata kidogo. Mimi naukata kwenye ukingo wa bitana, kwa urefu wa uzi, upana robo inchi. Naupima juu ya pateni ya karatasi, sithubutu kuupima juu ya kitambaa, maana kitambaa kilichokwisha kukatwa kimeshaanza kudanganya. Kisha unashonwa pamoja na mshono, kwa mapigo mamoja, ovaloki ikipita pembeni yake bila kuukata.

Ukitaka kumjua fundi, bana bega kwa vidole gumba viwili, kimoja shingoni, kingine mwanzo wa mkono, uvute. Likatae. Shika ubavu uvute vilevile. Utii, na uzi usilie. Gauni la kuvutika ninalipima pale lisipovutika.

Kisarawe mjini, upande wa kwendea Minaki, alikuwepo mama aliyeshonea barazani kwa cherehani nyeusi ya miguu, isiyojua zigizaga. Ovaloki alikuwa hana. Alilegeza uzi wa juu, akakishika kitambaa mbele na nyuma ya mguu wa cherehani, akakivuta kidogo tu huku magurudumu yakienda taratibu, na mshono wake haukukatika hata mvaaji akicheza kwaito hadi alfajiri. Tepe za mabega alizitoa kwenye kingo za vitenge vya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichofunguliwa mwaka 1968. Alisema ukingo wa Urafiki una kiburi, hauvutwi na mtu. Wanagenzi wake walizifua kwanza kingo hizo na kuzianika, ili zimalize kunywea na kutoa rangi kabla ya kuingia kwenye nguo ya watu. Na mteja akija kuchukua gauni hakuruhusiwa kukiona kioo kabla hajaketi kwenye kigoda, akainuka, akanyanyua mikono yote miwili. Kama shingo ilisogea, gauni lilirudi mezani, na nauli ya kurudia alilipa yeye mama. Leo nani anakulipia nauli?

Wajanja nao wapo. Mmoja wa Kibaha, simtaji, aligundua kwamba baadhi ya wateja wamefundishwa kuvuta bega, naye akaanza kubandika gundi ya kola kwa pasi. Siku ya kujaribisha bega linakaza, mteja anaondoka anacheka. Nguo ikifuliwa mara ya kwanza gundi inaachia, inafanya mapovu, na bega linalala. Dawa yake ni kulisugua bega kati ya vidole karibu na sikio: utepe uko kimya, gundi inakwaruza kama karatasi. Mwingine anatia lastiki huku anaivuta, bega linatoka na vikunyanzi, ukimuuliza anakwambia ndio mtindo ulioingia. Kuna hata wanaoacha bega tupu kabisa na kumwambia mteja asivae cheni nzito.

Mengine nitayapitia mbio. Sindano iwe ya ncha ya mviringo. Ncha kali inatoboa vitanzi, na ukiiinua nguo kwenye mwanga utaona vitundu vimejipanga kando ya mshono. Pindo ni la sindano pacha au la mkono, maana mshono mmoja ulionyooka unakatika siku ya kwanza ya kupanda ngazi ya basi. Uzi wa ovaloki ufanane na nguo. Uzi mweupe ndani ya gauni jeusi ni matusi. Urefu uishie chini ya goti, si juu yake wala si katikati ya shavu la mguu. Mawe ya kubandika kwa gundi hayakai kwenye kitambaa cha kuvutika. Hata yakikaa, hayakai.

Waliotufundisha sisi walijua kubanisha nguo kwa kitambaa kisichovutika, kwa dati peke yake. Hao ndio waliokuwa kwenye cherehani Umoja wa Vijana wa TANU ulipoanza Operesheni Vijana Dar es Salaam mwaka 1969, sketi fupi na suruali za kubana zikasakwa barabarani. Kubana kulikuwa jambo zito, na fundi alipokubali kubana alijua anabana nini. Tuliopita Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vile vilivyoanza mwaka 1975, tulikata magazeti mpaka vidole vikawa vyeusi kwa wino ndipo tukagusa yadi moja ya marekani. Siku hizi binti anaingia ofisini, ananionyesha simu: "Fundi, nishonee kama hili." Namwambia avue viatu nimpime. Anashangaa. Fundi wake wa mwanzo alimwangalia tu kwa macho akasema wewe ni midiamu.

Na magauni haya hayatundikwi. Fundi anayekukabidhi la kuvutika likiwa kwenye henga amekukabidhi limeshaanza kurefuka. Langu linatoka limekunjwa mara tatu, utepe wa bega ukiwa ndani ya mkunjo. Ukiliona limevalishwa sanamu dirishani, uliza limesimama hapo tangu lini, kisha toa futi kamba upime bega la kushoto na la kulia mbele ya mwenye duka. Yakizidiana hata robo inchi, usianze kujadili bei.