Chiang Haitoshi

Kila mara promosyo inapomaliza, wadogo zetu wa fakilte ya uchumi wananiuliza swali lilelile: "Kaka mukubwa, niko nataka kufanya doktora. Nianze na kitabu gani ya hesabu?" Na mbele nifungue kinywa, mwengine amekwisha kujibu: "Soma Chiang. Ukimaliza Chiang, uko tayari."

Hiyo jibu njo iliniangusha. Kwa hiyo leo naomba ruhusa ya kumkosoa mzee ambaye wengi wetu tunamheshimu, na mimi pia namheshimu.

Kitabu chenyewe ni "Fundamental Methods of Mathematical Economics" cha Alpha Chiang. Kilitoka mara ya kwanza 1967, toleo la tatu 1984, la nne 2005 akiwa na mwenzake Kevin Wainwright. Kwetu Bukavu nilikijua kama fotokopi ya fotokopi: jalada la plastiki, kurasa mbili zimeruka, na mtu wa promosyo ya zamani amekwisha kujaza majibu kwa penseli, mengine ya uongo.

Nianze na haki yake. Mimi sekondari nilifanya Komersiale, si Mat-Fizik. Tulijua debiti na krediti. Tulipofika mwaka wa kwanza, prof akaandika derive ubaoni kama mtu anayeandika jina lake, na wale wa Mat-Fizik wakacheka pole pole. Chiang hakunicheka. Akileta matrisi, anakuonyesha kwanza kwa nini mtu wa uchumi anaihitaji: kuko soko mbili, bei ya moja inategemea ya nyingine, sasa utatafuta bei zote mbili kwa pamoja namna gani? Akileta derive, anarudi palepale sokoni na kuuliza: kodi ikipanda kidogo, bei itasogea kiasi gani? Hakimbii. Kila alama anaieleza. Kwa mtu aliyeogopa hesabu tangu utoto, ni dawa kabisa, na sijaona silabusi yetu hata moja inayomfikia kwa uvumilivu.

Shida inaanza ukitaka kwenda mbali zaidi yake.

Kisha lisansi niliandika mtihani wa kuingia katika programu moja ya nje. Nilikuwa na distinksyo, na Chiang nilikuwa nimemaliza mara mbili. Swali la kwanza lilikuwa mistari mitatu tu. Mlaji ana bidhaa kadhaa za kuchagua. Bei zote ni kubwa kuliko sifuri, pesa yake ina kikomo. Utilite yake, yaani kiasi anachoridhika, ni fonksyo isiyokatika. Thibitisha kwamba kuko angalau kapu moja linalompa utilite isiyopitwa na ya kapu lingine lolote analoweza kununua.

Nilifurahi! Nikaandika Lagrange, nikapiga derive, nikaisawazisha na sifuri, nikagawanya ekwasyo moja kwa nyingine, nikapata ile kanuni yetu tamu ya bei na utilite ya nyongeza. Ukurasa mzima, safi, bila kufuta hata neno. Nikapewa sifuri.

Kwa muda mrefu nilifikiri ni uonevu. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba waliosahihisha walikuwa na haki, na makosa yangu yalikuwa mawili. La kwanza: hakuna mtu aliyeniambia kwamba ile fonksyo ina derive. Waliniambia haikatiki, basi. Barabara inaweza kukosa mahali ilipokatika na bado ikawa na kona kali; kwenye ile kona, derive hakuna. Mimi nilipiga derive juu ya kitu ambacho sikupewa. La pili ni baya zaidi: waliniuliza kama jibu lipo, mimi nikaanza kulitafuta. Ni kama mtu anakuuliza kama kuko samaki ndani ya mto, weye unaanza kumwonyesha namna ya kukaanga.

Mtasema ni maneno ya kuchagua-chagua tu. Chukua kalamu tuone.

Mama mmoja yuko soko ya Kadutu na franka 10 000. Anataka sambaza na viazi. Fungu la sambaza ni 1 000, fungu la viazi ni 1 000. Tuite mafungu ya sambaza x, ya viazi y. Sasa tuseme huyu mama hapendi kuchanganya: ladha yake inaandikwa x² + y². Fanya Lagrange kama tulivyofundishwa. Unapata 2x = 2y, kwa hiyo x = 5 na y = 5. Utilite ni 25 + 25, yaani 50. Unapigia mstari chini mara mbili na kwenda kula.

Lakini angenunua sambaza peke yake, mafungu 10? Utilite ni 100. Viazi peke yake, 100 tena. Lagrange yako imempeleka yule mama mahali pabaya kuliko pote kwenye ule mstari wa bajeti! Hesabu haikukosea hata hatua moja. Uliyekosea ni weye, juu hukuuliza mbele ya kuanza: hii njia inafanya kazi chini ya masharti gani? Ladha ina umbo gani? Jibu linaweza kuwa pembeni, kwenye sifuri?

Chiang anayajua hayo yote, tusimsingizie. Masharti ya pili, ile determinanti yenye ukingo, iko ndani. Kuhn na Tucker, ambao njia yao inashughulikia majibu ya pembeni, nao wamo, huko nyuma ya kitabu, mahali ambapo kozi zetu hazifiki juu mwaka umeisha na mgomo ulikula miezi miwili. Ninachomlaumu ni mazoezi yake. Mengi yanaanza na "tafuta", "piga", "hesabu". Machache sana yanakuambia "thibitisha", au "onyesha kwamba ukiondoa sharti hili mambo yanaharibika". Kwa hiyo unafunga kitabu ukiwa na mkono mwepesi, lakini shaka hukujifunza. Na mwaka wa kwanza wa doktora njo mwaka wa shaka. Fungua "Microeconomic Theory" ya Mas-Colell, Whinston na Green, ya 1995, ambayo vyuo vingi vinatumia mwaka huo: ni tuseme hivi, basi hivi, na thibitisha.

Kwa nini uchumi ulikuwa hivyo? Sehemu kubwa ya jibu inaitwa Gérard Debreu, Mfaransa aliyesomea hesabu Paris mbele ya kuingia uchumi na kuhamia Marekani. Mwaka 1954, yeye na Kenneth Arrow walithibitisha kwamba, chini ya masharti fulani, kuko bei zinazosawazisha masoko yote kwa pamoja. Hawakuzihesabu zile bei. Walithibitisha kwamba zipo. Mwaka 1959 Debreu akatoa "Theory of Value", kitabu chembamba ambacho hakina maneno ya kubembeleza, na 1983 akapata Nobel. Tangu hapo, swali la "je, lipo?" linatangulia "ni ngapi?". Sisi kwenye oditwari tulirithi la pili peke yake.

Sasa, wako wale wanaosema kinyume: achana na Chiang, soma Rudin. "Principles of Mathematical Analysis", 1953 mara ya kwanza, toleo la tatu 1976. Hawa mara nyingi ni wale wa Mat-Fizik, na wanalisema na kakiburi kidogo. Nilimjaribu. Sura ya pili ilinishika majuma sita. Anakuambia seti ni kompakti ikiwa kila mfuniko wake wa seti zilizo wazi unaweza kupunguzwa ukabaki na vipande ambavyo idadi yake ina mwisho, halafu anaendelea na safari yake kama vile amekuambia saa ngapi. Kila neno ni la kweli, na hakuna la ziada. Lakini ni kitabu cha mtu aliye na prof mbele yake na wenzake pembeni. Kwa mtu aliye peke yake usiku na taa ya simu, Rudin ni ukuta laini usio na mahali pa kushika. Mwanauchumi akimsoma peke yake anaweza kumaliza bila kujua kompakti inamsaidia nini sokoni.

Kilichonitoa ni Carl Simon na Lawrence Blume, "Mathematics for Economists", 1994. Kuko pia tafsiri yake ya Kifaransa, kwa wale ambao Kiingereza bado kinawasumbua. Sura ya 12 inaanza na mipaka na seti zilizo wazi, taratibu, na hapo kompakti inaelezwa kwa namna unayoweza kuichora: seti iliyofungwa na yenye kikomo. Rudi sasa Kadutu. Bajeti ya mama imefungwa: anaruhusiwa kutumia 10 000 yote. Ungemwambia atumie pungufu ya 10 000, bila kufikia 10 000 yenyewe, angekwenda 9 900, 9 990, 9 999, na hangefika mahali pa kusema "hapa njo mwisho". Tena bajeti yake ina kikomo, juu hakuna bei iliyo sifuri. Siku sambaza zikiwa za bure, na yeye hachoki kuzipenda, hakuna kapu la mwisho. Kila kapu lina kubwa zaidi. Fonksyo isiyokatika, juu ya seti kompakti, lazima ifikie kilele chake: hiyo ni teoremi ya Weierstrass. Ile mistari mitatu ya mtihani wangu ilitaka hivyo tu. Mistari minne ya kujibu. Hakuna derive hata moja.

Simon na Blume nao wana lawama zao. Kitabu kina kurasa zaidi ya 900, na fotokopi yake ni mzigo wa mfuko. Mpangilio unachosha: uchambuzi mzito wa seti kompakti wameutupa sura ya 29, baada ya mambo mengi yanayouhitaji. Ningemshauri mdogo wangu asisome kwa mfululizo. Sura ya 12, halafu 16 hadi 19 za matrisi na vilele, halafu 21 ya umbo la fonksyo, ruka hadi 29 na 30. Mengine atayarudilia. Na Chiang? Asome sura za mwanzo tu, kama hofu bado iko.

Lakini kitabu si kazi yote, na hapa njo nataka mnisikilize vizuri. Hesabu ya kupiga unaweza kujifundisha peke yako: unapata 5, unaangalia nyuma ya kitabu, wameandika 5, unalala. Uthibitisho hauna nyuma ya kitabu. Unaandika nusu ukurasa, unaona ni mzuri, na ndani kuko shimo ambalo macho yako hayalioni juu ni weye ulilichimba. Unahitaji mtu wa pili. Mimi nilimpata rafiki anayefundisha hesabu sekondari, mtu ambaye hajasoma uchumi hata siku moja. Kila Jumamosi nilimpa karatasi. Alikuwa na neno moja tu, kidole juu ya mstari: "Juu ya nini?" Nikisema "ni wazi", anarudisha karatasi. Miezi minne ya "juu ya nini" ilinifundisha kuliko miaka mitano ya oditwari.

Najua mwengine atauliza hesabu hii inajua nini juu ya bei ya makala Bukavu. Kidogo sana, nakubali. Esther Duflo alipata Nobel ya 2019 pamoja na wenzake wawili kwa kwenda kupima mambo mashuleni na vijijini, si kwa teoremi. Lakini naye alipitia doktora, MIT, na mlango ule una ufunguo wake. Léonard Wantchekon, alipofungua African School of Economics kwao Benin 2014, aliweka masta inayounganisha hesabu, uchumi na takwimu. Alijua wapi vijana wetu wanaangukia. Kinachoniuma ni kwamba wanaoijua bei ya makala kuliko wote njo wanaobaki nje ya ule mlango, wakiwa na distinksyo mkononi, na hakuna aliyewaambia ni nini kilikosekana.

Fotokopi yangu ya Chiang niliikopesha binti wa shangazi yangu, yuko mwaka wa pili. Kwenye ukurasa wa Lagrange niliweka kakaratasi: x² + y², franka 10 000, bei sawa. Jana aliniandikia kwamba amepata 5 na 5. Nilimrudishia maneno matatu: "Juu ya nini?"