Tablo za saluni, na macho yetu yaliyozoea

Ndugu wasomi, kuna sentensi moja tunaipenda sana kila tunapokutana: "Huku kwetu hakuna kitu." Tunasema vile tukiwa na diplomu kwenye bahasha, tukingoja kazi ambayo haikuji. Halafu jioni mtu ananunua mega kidogo, anaona jengo refu la Dubai, anashangaa kabisa, anatumia benzake ile video. Sina shida na Dubai. Shida yangu ni hii: tumeanza kufikiri kama kushangaa nako ni kitu cha kuingizwa toka inje, sawa vile mitumba.

Basi leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu wa Katanga tulikiona kwa babu ama kwa jirani, tukakipita: tablo ya saluni. Ile ya rangi kali, iliyotundikwa juu ya redio, pembeni ya kalenda na foto ya ndoa. Pengine mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Pengine mfungwa anapigwa fimbo. Miaka ya 1970 tablo hizi zilikuwa nyingi sana Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Waliozinunua hawakuwa matajiri: ni wafanyakazi wa Gécamines, makarani, walimu. Walizichora vijana waliojifundisha wenyewe, mara nyingi juu ya kitambaa cha mfuko wa unga, na walizunguka nazo mtaani kutafuta mununuzi. Bei ilikuwa ya mfuko wa mfanyakazi.

Batu batasema: ile si sanaa, ni mapambo ya bazee. Sura zote zinafanana, miguu haina mifupa, nyumba imepinda. Ni kweli, na sitaki kudanganya mtu kwamba miguu ile ni mizuri. Lakini tuchukue tablo moja tu, ile waliyoirudia mara mingi, tuiangalie polepole kama vile tunasoma TFC ya mtu mwingine tukitafuta kosa. Ni ile inayoitwa *Colonie belge*.

Unaona kiwanja cha gereza. Bendera ya Ubelgiji iko juu. Mtu amelala kifudifudi, matako wazi, askari mweusi ameinua fimbo. Mzungu mwenye kofia amesimama anaangalia, pengine na kiko mdomoni. Wafungwa wengine wanaendelea na kazi katika nguo za milia. Pembeni wanawake wameleta chakula, ama wanalia. Hadithi nzima unaimaliza kwa sekunde tano, na ndiyo sababu tunaipita. Lakini angalia mikono. Anayeamuru hashiki kitu. Anayepiga na anayepigwa ni watu wa rangi moja. Mchoraji hakutoa hotuba hata moja juu ya ukoloni, aliweka tu kila mtu mahali pake. Mzee aliyetundika ile tablo juu ya kiti chake alijua vizuri kwamba kati ya wageni watakaokaa kunywa chai kuna mtoto wa askari, na kuna mtoto wa yule aliyelala chini.

Sasa soma maandishi. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji niliyemfuatilia zaidi, aliandika kwenye tablo zake za namna hii: 1885–1959. Hapa njo nilisimama. Mwanafunzi yeyote wa istwari atachukua kalamu nyekundu: kutoka 1885 mpaka 1908 inchi ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, iliitwa Dola Huru ya Kongo. Ubelgiji iliichukua mwaka 1908. Na uhuru ni 30 Juni 1960. Kwa hiyo tarehe zote mbili ni makosa, sivyo?

Tusiende mbio. Kwa mtu aliyelala chini ya fimbo, mabadiliko ya 1908 yalibadilisha nini? Karatasi zilibadilika Bruxelles. Kiwanja cha gereza kilibaki palepale, na watu waliendelea kusema Bula Matari. Na 1959? Tarehe 4 Januari mwaka ule Léopoldville iliwaka, watu walitoka barabarani, na toka siku ile woga ulikuwa umevunjika. Sherehe ya 1960 ilikuja nyuma. Mimi ninasoma zile tarehe mbili kama hukumu: ukoloni ulianza wakati mtu wa kwanza alipigwa, ukaisha wakati watu walikataa kupigwa. Pengine Tshibumba angecheka kusikia maelezo yangu. Lakini zile nambari ziko pale, ameziandika kwa herufi kubwa, na vitabu vya masomo havikunifundisha kuuliza lile swali.

Huyu Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani. Masomo yake hayakufika mbali. Alijiita mwanahistoria bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mwaka 1973 na 1974 alichora tablo karibu mia moja, historia nzima ya inchi toka mababu mpaka siku zile, kwa kazi aliyofanya pamoja na Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyekuwa anafundisha Lubumbashi. Alichora mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa 1941, ambao askari waliumaliza kwa risasi. Alichora kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, kile cha 17 Januari 1961: miili iko chini, kidonda kiko ubavuni mwa Lumumba, na nyuma kabisa, juu ya kilima, misalaba mitatu. Kila mtu aliyepita katekisimu anaelewa bila kuelezwa. Tena tusisahau mahali: mauaji yale yalitokea karibu na mji uleule wa mchoraji, na kuna bazee waliosikia mambo usiku ule wakanyamaza.

Toka mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna anayejua Tshibumba alipotelea wapi. Tablo zake zile ziko Amsterdam.

Hapa nina maneno na kitabu chenyewe. Fabian alikitoa mwaka 1996, *Remembering the Present*, na ni kazi kubwa: anaacha mchoraji aongee, anaweka kila tablo na maelezo ya mwenyewe. Nakiheshimu. Lakini yale mazungumzo yalifanywa kwa Kiswahili cha Lubumbashi, Kiswahili hiki cha "njo" na "paka", na msomaji anayefungua kitabu anayakuta kwa Kiingereza. Mtoto wa Kenya, komini ya Lubumbashi, anayetaka kusoma ndani ya kitabu kile mtu wa mtaa wake anaeleza historia yake, lazima kwanza ajue Kiingereza, halafu atafute pesa ya kitabu cha ng'ambo. Simlaumu Fabian peke yake. Sisi wenyewe tuna idara za istwari na za lugha, na TFC ngapi zimeandikwa juu ya tablo hizi? Mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU alionyesha njia: alisikiliza wafanyakazi wa migodi na familia zao, akaandika *Bana Shaba abandonnés par leur père*, 2001. Kichwa tu cha kile kitabu kinachoma: kampuni kama baba aliyeacha batoto.

Kuna pia lawama kwa mchoraji, na wanaomsifu mara nyingi wanaikwepa. Wanawake katika tablo zake wanabeba beseni, wanalia, wanangoja. Nani alilisha wale wagomaji wa 1941? Nani alizika? Historia ya Tshibumba ni ya wanaume waliopigwa na wanaume waliopiga, na mama wanapita pembeni na chakula kichwani. Mamba muntu peke yake njo anakaa katikati ya tablo, na yeye anakuja na pesa na hatari pamoja. Hilo linatuambia kitu juu ya woga wa wanaume wa makambi ya wafanyakazi, labda zaidi kuliko walivyotaka kusema.

Wale watu waliita tablo za namna hii *ukumbusho*. Neno lile ni la kazi: tablo iko pale ili mgeni aulize, mwenye nyumba ajibu, mtoto asikie. Kushangaa kulianzia kwa swali dogo, "yule ni nani?", na kulimalizika usiku, chai imeshapoa. Miaka ya 1980 mishahara ilipovunjika, wanunuzi walikosekana, wachoraji waliacha. Leo saluni zetu zina televizyo kubwa na maua ya plastiki. Televizyo inaongea mwenyewe, haingoji mgeni aulize.

Na msiniambie kwamba ni mambo ya zamani tu. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua foto za wakati wa ukoloni, akawatoa wafanyakazi mle ndani, akawasimamisha mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Kazi ile inaitwa *Mémoire*, ya 2006. Mtu mwenye mnyororo shingoni anakuangalia, nyuma yake mabati yenye kutu ambayo sisi tunayapita kila siku na basi bila kugeuza kichwa. Yale mabati yalikuwa pale siku zote. Baloji alileta tu watu wake.

Kwa hiyo, likizo hii, wale watakaorudi nyumbani Likasi, Kipushi ama Kolwezi, muulize bibi ama babu kama kuna tablo ilibaki, pengine nyuma ya kabati, pengine inafunika dirisha lililovunjika. Usiisafishe. Piga foto ya mbele na ya nyuma, maana nyuma mara nyingine kunaonekana maandishi ya mfuko wa unga. Uliza nani aliinunua, kwa nani, na wageni walikuwa wanasema nini. Washa telefoni irekodi, na uache mzee aongee kwa Kiswahili chake, usimtafsirie. Halafu utuletee hapa.