Herufi mbili za pembe

Mtu akisoma, jicho lake halitelezi juu ya mstari. Linaruka, linatua, linaruka tena. Kila mtuo ni kama robo ya sekunde, na hapo ndipo tunaposoma; jicho likiwa hewani maandishi hatuyaoni.

Likitua, haliokoti sawasawa pande zote. Msomaji wa Kiingereza hupata habari za herufi zipatazo 14 upande wa kuume, tatu au nne tu upande wa kushoto. Mwaka 1981 mwanasaikolojia Alexander Pollatsek na wenzake waliwapima Waisraeli wakisoma Kiebrania, kinachoanzia kuume: dirisha likageukia kushoto. Walipopewa Kiingereza, likarudi kuume. Basi mtoto wa Kasongo, mashariki mwa Kongo, anayesoma Kurani chuoni na Kifaransa shuleni huenda anageuza dirisha lake siku hiyo hiyo.

Lakini kinachonivuta zaidi ni Kiswahili chenyewe. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kongo kabla ya kamanda wa Kibelgiji, Dhanis, kuiteka Kasongo, Aprili 1893, ambazo mtafiti Xavier Luffin amezichambua, ni za herufi za Kiarabu. Chukua neno pembe, yaani pembe za ndovu, bidhaa iliyowaleta wafanyabiashara Maniema, eneo la Kasongo. Kiarabu hakina p, hivyo wengi waliandika herufi ba, yaani b. M inayoitangulia b mara nyingi iliachwa. Kasra, alama ya irabu ya chini, ilibeba i na e. Zikabaki ba mbili, kila moja na kasra yake chini: pembe, pepe, au bibi? Baadhi waliongeza herufi “ya” katikati ya bibi ili kuivuta sauti, wengine hawakujali. Jicho husonga mbele, hukuta frasila, kipimo cha uzito, ndipo hujua ni pembe. Hata msomaji hodari hurudi nyuma katika mruko mmoja kati ya kumi hivi. Naamini karani wa Kasongo alirudi mara nyingi zaidi.

Na alipata faida yake pia. Walipompelekea ina herufi 14 za Kilatini, na ingawa jicho hupata habari za mbali zaidi, likitua hutambua barabara herufi saba au nane tu za mbele yake, kwa hiyo neno hilo mara nyingi hudai mituo miwili. Kwa herufi za Kiarabu irabu hukaa juu na chini ya mstari, na neno lilelile hubaki na herufi nane hivi. Mtuo mmoja waweza kulitosha, ilimradi msomaji anajua barua inazungumzia nini.