Maradhi, Nyumba na Kisu: Mambo ya Tarime na Fasihi Yetu

Katika fasihi yetu ya Kiswahili vimo vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya maradhi. Vingi vyahusu UKIMWI, na viwili kati yake, tamthilia za Kilio Chetu na Orodha, vimesomwa na wanafunzi wa sekondari wa Tanzania kwa miaka mingi. Nataka kuvipima hapa kwa mizani ambayo watunzi wake hawakuijua, yaani mambo yaliyotukia Tarime na Serengeti, na kwa Wakuria wa ng'ambo ya mpaka, katika mwaka wa korona.

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, serikali ya Tanzania iliamuru shule zifungwe; zikafunguliwa tena tarehe 29 Juni. Huko Kenya madarasa mengi yalikaa matupu mpaka Januari 2021. Sasa, katika nchi ya Wakuria kisu hufuata kalenda. Wazee wa inchama, lile baraza la siri la koo, ndio wapangao msimu, na kwa desturi msimu huangukia likizo ya mwisho wa mwaka, hasa katika miaka igawanyikayo kwa mbili. Mwaka 2020 ulikuwa mmojawapo. Upande wa Kenya likizo haikuwa na mwisho, basi kisu hakikungoja Desemba: mwezi wa Oktoba wasichana waliokwisha kukeketwa walitembezwa barabarani mchana kweupe, kwa nyimbo na zawadi, ilhali sheria ya mwaka 2011 yakataza. Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka 1998, imlindayo msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, msimu ulipowadia, nyumba salama za Masanga, Mugumu na Butiama zilijaa wasichana waliokimbia kwao, wengine usiku na kwa miguu.

Msomaji aone jambo hili: wasichana hao hawakuugua. Maradhi yaliwadhuru pasipo kuwagusa, kwa kufunga mlango mmoja tu, mlango wa shule. Mnamo Aprili 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu lilikadiria kuwa, kwa sababu ya korona, ukeketaji wa wasichana milioni 2 ambao ungeweza kuzuiwa utatendeka duniani katika muda wa miaka kumi.

Hapo ndipo tamthilia zetu za maradhi zinapopungukiwa. Katika Orodha, Furaha amekufa, na wanaume wa kijiji watetemeka kwa barua aliyoiacha, kila mmoja akidhani jina lake litasomwa. Ni hila nzuri ya jukwaani, na nadhani ndiyo sababu tamthilia hiyo yapendwa. Walakini swali linalouendesha mchezo ni lile lile la zamani: msichana huyu alikwenda wapi, na nani? Hatari iko nje, penye ulevi, muziki na giza. Nyumbani kuna kosa, lakini ni kosa la kunyamaza tu. Kilio Chetu nacho chawalaumu wazazi kwa kuwa hawasemi na watoto wao. Wazazi wa vitabu hivi wana midomo iliyofungwa. Mikono yao haionekani. Basi mtoto wa Tarime aliyevisoma, kisha akaambiwa mwaka 2020 akae nyumbani apate kuwa salama, alikuwa ameambiwa jambo moja mara mbili.

Hapana budi kurudi nyuma, kwa Euphrase Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, miezi miwili tu kabla ya shule kufungwa. Rosa Mistika, riwaya ya mwaka 1971, haihusu maradhi wala ukeketaji. Mahali pake ni Ukerewe, kisiwa cha ziwa lile lile lipakanalo na mkoa wa Mara. Kwa kawaida tumewafundisha wanafunzi kwamba funzo lake ni malezi: Rosa alichungwa mno, basi alipofunguliwa akapotea. Wanafunzi huandika hivyo katika mitihani na kupata maksi zao. Mimi naona usomaji huo wamwonea Rosa na kumsamehe Zakaria. Baba huyu ni mlevi, ampiga mkewe Regina, ampiga binti yake vibaya kwa ajili ya barua ya mvulana, na katika Namagondo yote hapana awezaye kuushika mkono wake. Hilo ndilo jambo zito la kitabu. Kezilahabi hakuipamba shule pia. Huko nako Rosa akutana na wakubwa wasioaminika. Lakini hakutudanganya kwamba nyumba, kwa kuwa ni nyumba, ni kimbilio. Nashangaa kwamba kitabu hiki ndicho kilichozuiwa shuleni kwa muda.

Kuna tatizo la maneno pia, na hapa mtunzi atakayeandika juu ya Tarime atajikwaa asipoangalia. Kukeketa kwa Kiswahili ni kukata kwa kisu kisicho kikali; neno lenyewe lauma, wala hamna sherehe ndani yake. Wakuria wasema esaro, na neno hilo ni la wavulana na wasichana pamoja: lina ngoma, ng'ombe, rika na jina jipya. Msichana asiyepitia humo huitwa omosagane, na ni tusi. Mhubiri ajaye na neno ukeketaji peke yake azungumza juu ya jeraha na watu wanaofikiri juu ya karamu. Takwimu za taifa zaonyesha kuwa wanawake waliokeketwa katika Mara walikuwa asilimia 32 katika uchunguzi wa mwaka 2015-16, na asilimia 28 mwaka 2022. Mwendo huo si wa haraka. Tamthilia isiyoonyesha utamu wa karamu haitaeleza kwa nini mama aliyeumia mwenyewe amtoa bintiye.

Kazi iliyokaribia zaidi ni filamu, nayo haikutengenezwa na sisi: In the Name of Your Daughter ya Giselle Portenier, ya mwaka 2018, juu ya Rhobi Samwelly na wasichana waliokimbilia nyumba salama ya Mugumu. Sifa yake kubwa ni kwamba haikomi kwenye kukimbia. Msimu ukiisha, wazazi huja. Huahidi kwamba hawatamkata mtoto, na mtoto huulizwa kama anaamini. Wengine hurudi nao. Wengine hukataa, wakabaki. Mtunzi wa Kiswahili atafutaye onyesho la kwanza analo hapo: baba amesimama mlangoni, hana panga wala kileo, ametoka mbali kwa basi, na binti yake bado hajamjibu.