Masomo ya Bure na Amana Yake

Mwalimu wa skuli leo hana haja ya kukesha peke yake akitunga somo la kesho. Afungue simu yake tu, atayakuta masomo yaliyokwisha tungwa na walimu wenziwe, tena bure. Katika hayo, yanayotukaribia sisi ni yale ya TESSA, kazi iliyoanzwa mwaka 2005 na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, kikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Yamo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, na kwa Kiswahili pia.

Nimeyatazama kwa jicho la mwalimu, na haki isemwe: yametungwa vizuri. Hayamfanyi mwalimu kasuku. Kila sehemu ina visa vya walimu na namna walivyofundisha, na kila kisa kina kazi yake ya kujaribu darasani. Kusoma, hesabu, sayansi, maisha ya jamii, yote yamo.

Lakini uzuri huo twaupoteza wenyewe. Watungaji wametoa ruhusa: chukua, geuza, mpe mwenzio. Masharti yao ni mawili tu: umtaje uliyechukua kwake, na ukikitoa ulichokigeuza, ukiache wazi kwa wengine vivyo hivyo. Sasa tazama yanayopita katika makundi ya walimu simuni. Somo laingia lina jina, latoka halina. Mmoja kalifuta, wa pili kabandika lake, wa tatu auza nakala. Kuuza, kwa masharti hayo, hakukukatazwa; kilichokatazwa ni kufuta jina. Wala jambo hili si la adabu peke yake. Jina likifutika, kosa lililomo halina pa kurudishwa. Hesabu iliyokosewa yaweza kwenda kutoka Tanga mpaka Lamu, kila mwalimu akidhani mwenziwe ameihakiki. Sisi tuliosoma vyuoni twaijua faida ya isnadi: haikuwekwa kwa fahari ya majina, bali ili msemaji ajulikane na apimwe.

La pili ni uvivu, na huu wanikera zaidi. Mwalimu wa Kizimkazi achukua hesabu ya magunia ya mahindi iliyotungwa kwa watoto wa bara, awasomeshe watoto wa wavuvi neno kwa neno. Kwani amekatazwa kugeuza? Bamvua huja mara mbili kwa mwezi mwandamo. Awahesabishe siku za baina yake, awaulize pwani itakauka lini tena wapate kwenda pweza. Watoto watamjibu kabla hajamaliza kuuliza, na wengine watamsahihisha. Kisha aandike chini yake: somo hili asili yake ni ya fulani, nimegeuza hapa na hapa, alirudishe mtandaoni, mwalimu wa Pemba au wa Mafia alikute. Ni mistari miwili, haimmalizii hata bando lake la siku.